Jinsi ya kupata hela ya halmashauri kumalizia boma la darasa

Wadau, maboma yapo karibu kila kata Tanzania hii, wananchi wamechanga wakasimamisha kuta mpaka kwenye renta, wakaambiwa halmashauri itapaua, alafu miaka inakatika mpaka mpapai unaota ndani ya darasa. Sababu mara nyingi sio kwamba hela hakuna kabisa, ni kwamba lile boma halipo kwenye karatasi ya mtu yeyote kule wilayani, na ahadi ya mheshimiwa jukwaani haiingii kwenye bajeti hata ipigiwe vigelegele vipi.

Kwahiyo anza na mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu na mkazi yeyote wa miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuingia na kupiga kura. Mkubaliane pale kwamba darasa ndo kipaumbele namba moja, sio darasa na zahanati na daraja na kisima vyote namba moja. Muhtasari uandikwe vizuri, mahudhurio na sahihi viambatanishwe, na ndani yake kuwe na namba: shule ina wanafunzi wangapi, vyumba vingapi, kiwango cha shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa chumba kwahiyo pungufu ni vyumba vingapi. Pia andikeni thamani ya nguvu za wananchi, hapa ndo watu wengi wanajipunja, unakuta mmetoa mchanga, mawe, tofali, maji na vibarua wa bure alafu kwenye barua mmeandika "wananchi wamejitahidi". Piga hesabu tripu ngapi za mchanga, kwa bei ya hapo kwenu, weka shilingi. Na karatasi ya aliyetoa eneo iwepo, kuna maboma yamekwama sababu mtoto wa marehemu kaibuka anadai kiwanja cha baba yake.

Kuhusu michango, mkutano ukubali ndo ichangishwe, stakabadhi zitolewe, na mtoto asirudishwe nyumbani kisa mzazi hajachanga, hilo haliruhusiwi.

Alafu muda jamani. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai lakini mipango inapikwa mapema sana, kufika Februari hivi baraza la madiwani mara nyingi limeshapitisha bajeti, wewe unakuja na barua yako mwezi wa tano unashangaa unaambiwa subiri mwakani. Fanyeni mkutano wa kijiji kati ya mwezi wa nane na wa kumi, muhtasari uende Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu ni mtendaji wa kata, ukitoka hapo uende kwa mkurugenzi. Nakala mbaki nayo, yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Mtendaji akihamishwa anahama na kumbukumbu zote za kichwani kwake.

Mhandisi wa halmashauri muiteni kabla ya msingi, sio baada ya kuta. Akikuta nguzo hazina nondo au tofali zinamomonyoka kwa kidole anaweza kugoma kulipitisha boma lenu, na atakuwa sahihi.

Hela zenyewe zina madirisha tofauti. Kuna mapato ya ndani, yaani yale halmashauri inayokusanya yenyewe, ambapo inatakiwa kupeleka asilimia fulani kwenye maendeleo kutegemea na uwezo wake. Kuna za serikali kuu, na huko umaliziaji wa boma la darasa umekuwa ukipewa milioni 12.5 kwa chumba, wakati vile vyumba 15,000 vya hela ya UVIKO mwaka 2021 vilikuwa milioni 20 kila kimoja kuanzia chini. Kuna Mfuko wa Jimbo ambao kamati yake inaongozwa na mbunge, hela yake ni ndogo ila kwa bati na mbao inafaa sana. BOOST ya shule za msingi na SEQUIP ya sekondari imekuwa miradi mikubwa ya serikali, orodha zake zimekuwa zikipangwa juu. Ile 10% ya mapato ya ndani isahauni, ni ya mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu.

Hela ikitoka inaingia akaunti ya shule na kazi inaenda kwa force account, yaani mafundi wa kawaida na kamati zenu wenyewe: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Kwenye mapokezi wekeni watu wabishi. Gari la vifaa likifika jioni, dereva ana haraka na anataka sahihi kwanza, msikubali, shusheni mhesabu saruji mfuko kwa mfuko, angalieni bati kama mchoro unasema geji 28 isije ikaletwa 30, nyembamba ile, mpimeni nondo, muandike pungufu juu ya karatasi yake ndo msaini. Anayenunua asiwe ndo anayepokea. Fundi alipwe kwa hatua, msimpe zaidi ya nusu kabla hajapaua. Mapato na matumizi yabandikwe ubao wa matangazo wa kijiji, mwananchi ana haki ya kuyaona, na yakikosekana ulizeni kwenye mkutano unaofuata ili jibu liingie kwenye muhtasari.

Na kabla fundi hajafunga vifaa vyake hakikisheni matundu ya vyoo na madawati yalikuwemo kwenye BOQ, yaani ile orodha ya kazi na vifaa vya ujenzi na gharama zake, kama hayamo anzeni kuyaombea mwezi wa nane huohuo.