Kuijua Riesling: mkulima mmoja, chupa tano

Wageni wengi ninaowakaribisha hapa Koblenz, Ujerumani, wana neno moja kuhusu Riesling, zabibu nyeupe ya mvinyo: "Tamu mno, siitaki." Walionja chupa moja ya bei rahisi, siku moja, wakafunga mjadala. Mimi nimekulia Mpunguzi, Dodoma, baba akiwa na ekari moja ya mizabibu, na naumia nikisikia zabibu inahukumiwa hivyo. Zabibu hii moja hutoa mvinyo mkavu wa kukausha ulimi, hutoa mvinyo mwepesi wa mchana, hutoa na mzito kama asali, na yote huweza kutoka mteremko uleule. Kuijua kunataka utaratibu, na wangu ndio huu.

Kwanza, baki na mkulima mmoja. Ukinunua Riesling tano za wakulima watano, hutajua tofauti unayoionja imeletwa na udongo, na sukari, au na mkono wa mtengenezaji. Mimi nilibaki na Clemens Busch wa Pünderich, kwenye mto Mosel. Familia hii ilishika kilimo hai tangu miaka ya 1980, ikaenda mbele hadi bayodinamiki, yaani kilimo hai chenye masharti makali zaidi. Karibu mizabibu yake yote ni Riesling, na sehemu kubwa iko kwenye mteremko mmoja, Marienburg. Kijiji kiko upande mmoja wa mto, shamba upande wa pili, unavuka kwa kivuko.

Vuka, hata kama hujaonja kitu bado. Mteremko ni mkali kiasi kwamba unapanda huku mkono ukishika nguzo za mizabibu, na mawe yanateleza chini ya kiatu kwa mlio wa vigae vinavyovunjika. Ni sleti, lile jiwe la tabaka-tabaka ambalo babu zetu waliandikia shuleni. Jioni moja ya Septemba niliokota kipande saa moja baada ya jua kuzama. Kilikuwa bado cha vuguvugu kiganjani, na koti nilikuwa nimeshalifunga hadi shingoni. Pale ndipo nilipoelewa mvinyo huu. Jiwe hula jua mchana na kulirudisha usiku, kwa hiyo zabibu inaiva. Lakini hewa ni baridi, kwa hiyo uchachu haupotei. Kwetu Dodoma joto hupandisha sukari haraka na uchachu unashuka. Mosel vyote viwili hubaki, na ndiyo maana Riesling tamu ya huku haikinaishi: utamu unakuja, uchachu unausafisha.

Kuhusu kilimo hai, usidhani maana yake ni kutokupuliza dawa kabisa. Shaba na salfa vinaruhusiwa dhidi ya ukungu, na sheria ya Umoja wa Ulaya inaweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta ndani ya miaka 7. Dawa za kuua magugu zimekatazwa, na kwenye mteremko ambao trekta haipandi, hilo linamaanisha jembe na migongo ya watu. Bei ya chupa ina jasho hilo ndani yake, nami nailipa bila kunung'unika. Ukinunua kwa mkulima mwingine, tafuta kwenye lebo jani la nyota nyeupe juu ya kijani, na namba ya ukaguzi inayoanza na DE-ÖKO.

Sasa lebo, maana hapa ndipo wengi hupotea. Kabinett, Spätlese, Auslese, Beerenauslese na Trockenbeerenauslese si vipimo vya utamu wa mvinyo. Ni vipimo vya sukari iliyokuwa ndani ya zabibu siku ya kuvunwa. Utamu wa mvinyo unategemea sukari hiyo imeliwa kiasi gani na chachu, yaani hamira inayoigeuza kuwa alkoholi. Ndiyo maana utakutana na Spätlese iliyoandikwa "trocken", yaani kavu, yenye sukari isiyozidi gramu 9 kwa lita. "Halbtrocken" hufika gramu 18, na "feinherb" haina kipimo cha kisheria. Ukichanganyikiwa, acha maneno yote, soma asilimia ya alkoholi. Ikiwa 12 au 13, chachu ilikula karibu sukari yote, mvinyo ni mkavu. Ikiwa 8, sukari nyingi imebaki. Kwa Riesling ya Mosel, kanuni hii haijawahi kuniangusha.

Jioni ya kwanza fungua chupa mbili kavu tu, moja ya sleti nyekundu na moja ya sleti ya kijivu. Busch huziuza kwa majina hayohayo, vom roten Schiefer na vom grauen Schiefer. Zitoe kwenye friji dakika 20 kabla, zifike nyuzi 10 hadi 12. Baridi kali inaua harufu. Mimina kidogo kwenye glasi mbili zinazofanana, uende huku na huku. Mimi kwenye nyekundu hupata pichi mbivu na viungo, karibu na iliki. Kijivu kwangu kimenyooka zaidi, kina ndimu na chumvi kidogo mwishoni. Wewe unaweza kupata vingine. Andika ulichokipata kabla hujamuuliza mwenzako.

Usizimalize. Zifunge, zirudi kwenye friji, uonje tena kesho na keshokutwa. Kwa mvinyo huu uliochachushwa kwa chachu ya asili kwenye mapipa makubwa ya mwaloni ya lita 1,000 hivi, siku ya pili mara nyingi ndiyo bora. Ukiacha hatua hii umepoteza nusu ya somo.

Jioni ya pili panda ngazi ya utamu: anza na mkavu uliobaki, kisha Kabinett, kisha Spätlese, umalize na nusu chupa ya Auslese, zote tatu zisizoandikwa "trocken". Usirudi nyuma, kwa sababu mkavu ukinywewa baada ya mtamu huonekana kama siki. Weka chakula mezani kwenye Kabinett. Mimi hupika samaki wa kupaka, pilipili isionewe huruma. Utamu unatuliza moto na uchachu unakata tui la nazi. Sijapata bia wala mvinyo mwekundu unaofanya hivyo. Beerenauslese na Trockenbeerenauslese ni ghali, hutengenezwa kwa punje zilizonyauka na kuchumwa moja moja. Changeni watu sita, kila mmoja apate vidole viwili vya glasi.

Kuna jambo moja la kukuonya. Riesling iliyokaa miaka huweza kunuka mafuta ya taa, harufu ya koroboi kabisa. Mara yangu ya kwanza nilidhani chupa imeharibika, nikamwaga nusu kwenye sinki, na hadi leo najuta. Harufu hiyo hutokana na karotenoidi, rangi za asili za kwenye zabibu, ambazo huvunjika, na matokeo yake hujitokeza polepole ndani ya chupa. Iache glasi robo saa, utaona asali na ganda la chungwa vinafuata nyuma yake.

Ukitaka kwenda kuonja kwa mkulima mwenyewe, andika barua pepe wiki mbili kabla, na uepuke Septemba na Oktoba, kila mtu yuko mteremkoni anavuna. Mei ni nzuri, majani yametoka na mvinyo wa mwaka uliopita umeanza kuingia kwenye chupa. Nunua ulizozipenda mbili mbili: moja ya kunywa mwaka huu, nyingine ilaze gizani penye ubaridi, uandike tarehe kwa penseli pembeni ya lebo, usiiguse miaka minane.