Kimea cha ulezi: namna ya kukiotesha mpaka kinaingia kwenye togwa

Kimea ni nafaka iliyooteshwa kidogo, ikakaushwa, ikasagwa. Ndo kinachogeuza wanga wa uji kuwa sukari, na hiyo sukari ndo chakula cha vijidudu vinavyochachua, iwe togwa ya Songea (kinywaji cha uji uliochachuka) au mbege ya Kilimanjaro (pombe ya ndizi na ulezi).

Anza na ulezi wenyewe. Chukua wa kula, ule wa mbegu unaouzwa umepakwa dawa usiuguse kabisa. Peta, osha mpaka mchanga uishe, loweka usiku kucha hadi siku nzima, maji ubadilishe yakianza kunuka.

Chuja, tandaza kwenye gunia safi lililoloana, funika, weka kivulini. Hapa ndo watu wanaharibu jamani, wanarundika ulezi mnene halafu wanausahau, katikati unapata joto unaoza, kwa hiyo tandaza mwembamba, geuza asubuhi na jioni, nyunyiza maji kidogo tu. Siku ya pili au ya tatu vimizizi vinatoka, ukiona na kichipukizi kimechomoza inatosha, ukiacha kirefuke sukari yote inaliwa na mmea. Ukiona ukungu wa kijani au mweusi mwaga wote, usichague chague, sumu ya ukungu haiishi hata ukipika.

Anika juani mpaka ukitafuna unavunjika kah! Fikicha, peta mizizi itoke, saga. Ukitumia mtama badala ya ulezi hiyo mizizi na vichipukizi lazima uvitoe vyote, mtama ukiota unatengeneza sumu ya sayanaidi, mimi ndo maana nabaki na ulezi.

Sasa togwa. Pika uji wa mahindi mzito uive vizuri, epua, acha upoe hadi uwe vuguvugu, yani kidole kinakaa humo bila kuungua. Uji wa moto sana unaua nguvu ya kimea na hairudi tena, mpaka uache upoe utie kingine. Tia kimea, vijiko vitatu vinne vya chakula kwa lita moja, koroga. Baada ya muda utaona uji wenyewe unalegea na kuwa mtamu, raha sana kuuona! Funika, acha mpaka kesho yake.

Asubuhi onja, ikiwa na uchachu mwepesi chuja, wape hata watoto. Ikikaa siku zaidi inaanza kuwa pombe, hiyo watoto wasipewe.