Somo: Kulala kwenye Noah kutoka Dar hadi Lushoto na Marangu

Wakuu, salaam. Kila mwezi napigiwa simu na mtu mpya mwenye swali lilelile: "Ile safari yenu ya kulala kwenye gari mlifanyaje?" Naandika mara moja, simu zipumzike.

1. Gari. Noah ya kawaida inatosha. Kunja viti vya nyuma, nenda Keko fundi akupigie kitanda cha mbao chenye kimo cha ndoo, vyombo vikae chini yake. Chandarua usisahau.

2. Mtungi wa kuzimia moto, triango, bima. Unajua mwenyewe.

3. Toka alfajiri kupitia Bagamoyo na Msata, unakwepa foleni ya Kibaha na Chalinze. Kiwangwa nunua mananasi. Kwenye vibao vya 50 nenda 50 kweli, tochi za trafiki hazilali.

4. Segera usifuate kibao cha Tanga. Pita Korogwe, fika Mombo, jaza mafuta, kata kulia kupanda Lushoto. Lami kilomita 33 hivi, kupitia Soni. Kona zimefumba, piga honi.

5. KUSHUKA. Hapa nisomeni taratibu. Kutoka Lushoto hadi Mombo unateremka karibu mita 1,000 kwa hizo kilomita 33. Mara ya kwanza nilishuka na D (gia ya kawaida ya gari la otomatiki), mguu kwenye breki muda wote, kama niko Mwenge kwenye foleni. Chini ya Soni nikasikia harufu kama ya plastiki inayoungua. Nikamlaumu dereva wa lori la mbele. Kona iliyofuata nakanyaga, pedeli inazama laini kama nimekanyaga sponji. Mama mkwe alikuwa nyuma amepakata kabichi. Kabichi likaja mbele kabla yake. Nikavuta gia hadi 2, kisha L (ile nzito kabisa), injini ikalia, gari likapungua, nikaliegesha upande wa ukuta wa mlima. Kijana wa bodaboda akaweka jiwe chini ya tairi bila hata kuulizwa.

Kosa la pili likaja hapohapo: nikamwagia magurudumu maji. Yakatoa mvuke, nikajiona fundi. Diski zikapinda, usukani ukatetemeka kila nikifunga breki hadi Dar.

Kwa hiyo: weka 2 kabla mteremko haujaanza, si katikati. Zima O/D, yaani overdrive, gia nyepesi ya juu (taa ya O/D OFF iwake). Breki kanyaga imara kwa muda mfupi, achia, acha ipoe, rudia. Ukisikia harufu simama, breki ziache zipoe kwa upepo hata nusu saa. Usiweke nyutro kubana mafuta. Na kabla ya safari badilisha mafuta ya breki: yakizeeka yanakuwa yamenyonya unyevu, yakipata moto yanachemka, na pedeli inakanyaga mapovu.

6. Kulala. Omba uwanja wa nyumba ya wageni, lipa kidogo, choo na mlinzi vipo. Usilale bondeni kando ya mto hata kama unaonekana mkavu. Mvua ikinyesha juu mlimani, maji yanakufikia wewe ukiwa na nyota kichwani.

7. Baadaye rudi Mombo, pita Same na Mwanga hadi Himo, kisha panda Marangu. Ukitaka kushuka, hatua ya 5 inahusika tena.

MASWALI

Mdau wa Mbagala: Mkuu, Lushoto nasikia baridi kali mwezi wa saba. Naweza kuingiza jiko la mkaa kwenye gari, nifunge vioo?

Jibu: Hapana. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, utalala usiamke. Beba blanketi mbili.

Mdau wa Mbagala: Nikifungua kioo kidogo?

Jibu: Blanketi tatu.

Kijana wa Kimara: Mimi naendesha miaka 12, hizo habari za gia 2 ni za waoga.

Jibu: Sawa. Mimi nilikuwa na miaka 14 ya kuendesha siku ya kabichi.

Binti wa Kinondoni: Samahani kaka, maji ya maporomoko ya Marangu na Materuni ni barafu ya Kilimanjaro iliyoyeyuka? Ni ya baridi mno.

Jibu: Swali zuri, dada, nami niliamini hivyo. Sehemu kubwa ni mvua inayonyeshea msitu wa mlimani, inayozama ardhini na kutoka kwenye chemchemi. Barafu yenyewe imebaki kidogo: mwaka 1912 ilifunika kilomita za mraba 12 hivi, kufikia 2011 haikufika hata 2. Ubaridi unatokana na mwinuko na kivuli. Na ukitaka kuufuata mlima kwa maji: mito ya Kikuletwa na Ruvu (si ule wa Pwani) inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, inatoka ikiitwa Pangani, ndiyo inayopita Korogwe. Ukivuka pale, umeshakutana na Kilimanjaro kabla hujauona.

Mama Tabata: Nilipika maharage Lushoto kwa saa tatu nzima, hayakuiva. Mbegu mbaya?

Jibu: Hapana mama, ni mwinuko. Pale maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo unachemsha lakini kwa joto pungufu. Loweka usiku kucha au beba sufuria ya presha.

Mwenyeji wa Soni: Msinunue peasi mkiwa mnapanda. Nunueni siku ya kushuka, zitafika Dar zikiwa imara.

Jibu: Asante ndugu. Na kabichi lifungwe kamba.

Mdau wa Ubungo: Somo zuri mkuu. Kwahiyo kushuka naweka D?