Risasi uliyojaza upya inapogoma kuingia chemba

Bolti, komeo la chuma linalosukuma risasi ndani ya chemba, ikikataa kufunga, usiibamize kwa kiganja. Niliwahi kuibamiza, risasi ikanasa: haiingii, haitoki, na mimi nimesimama na bunduki iliyojaa, mtutu umeelekea tuta la udongo. Tangu siku hiyo nachunguza kwa risasi bubu: ganda na kichwa tu, bila baruti wala fataki, yaani kile kiwashio cha kwenye kitako.

Anza na ganda tupu lililotoka kwenye kalibu ya kunyooshea, ile inayolirudisha ganda lililopigwa kwenye umbo lake, kabla hata ya kupachika kichwa. Likigoma, mara nyingi bega, pale ganda linapoanza kuwa jembamba kuelekea mdomo, halijarudi nyuma vya kutosha. Shusha kalibu, lakini kwa mkono mwepesi. Kalibu nyingi zina hesi 14 kwa inchi, maana yake mzunguko mmoja ni milimita 1.8, ilhali bega unalitaka lirudi milimita 0.03 hadi 0.05. Kuizungusha digrii 10 kunatosha. Ukizidisha, ganda litakuja kukatika karibu na kitako baada ya kupigwa mara chache.

Pima urefu pia. Kwa ganda la risasi aina ya .308 Winchester mwisho ni milimita 51.18. Ganda refu kuliko hapo mdomo wake hubanwa mbele ya chemba, kichwa kinakosa nafasi ya kuachia na presha inapanda. Hili ndilo ninaloliogopa, maana ukilazimisha bolti itafunga.

Ganda tupu likiingia vizuri ila risasi bubu ikagoma, ipake wino mweusi wa makapeni mwili mzima, ingiza polepole, kisha itoe uitazame kwenye mwanga. Mikwaruzo kwenye kichwa inasema kimegusa mifuo ya mtutu, ile mistari ya ndani inayozungusha kichwa. Kizamishe hadi urefu ulioandikwa kwenye jedwali lako, usibuni.

Wino ukifutika pale bega linapoungana na mwili, angalia ukazaji wa mdomo, yaani jinsi mdomo wa ganda ulivyobanwa kwenye kichwa. Hapo ndipo nilipoumbuka: kati ya risasi 20, saba ziligoma. Nilikuwa nimerekebisha kalibu ya kupachika na kukaza vichwa kwa ganda fupi, halafu nikapitisha marefu bila kuyapunguza. Mdomo ulikandamizwa, bega likavimba kidogo sana. Jicho halikuona, wino uliona.

Zile saba usizirudishe kwenye kalibu ya kunyooshea zikiwa na fataki hai. Mimi nilizivunja moja moja kwa nyundo ya kutolea vichwa, miwani usoni, baruti nikaimwaga pembeni.