Karafuu Zikirowa: Kuipima Dhiki Kabla Haijajaa Moyoni

Karafuu zimerowa jamvini, boti haiondoki kwa upepo, maji ya mfereji hayajatoka tangu jana. Yote yanaudhi. Lakini kero si msiba, na anayeviita kwa jina moja hulia sawasawa kwa vyote viwili.

Anza na mikono. Karafuu ziingize ndani, zitandaze nyembamba, zigeuze. Ukizirundika usiku kucha zinavunda, asubuhi zimepauka na thamani imeshuka. Subira si kukaa ukitazama, hata yule bedui aliambiwa na Mtume (S.A.W.) amfunge ngamia wake, kisha atawakali, yaani amtegemee Mungu.

Halafu itaje dhiki kwa kiasi chake. Sema "zimerowa pishi nne", usiseme "nimeharibikiwa". Pishi nne zina mwisho. Kuharibikiwa hakuna mwisho, ndiyo maana kunakosesha usingizi.

Kisha ushukuru. Ukishasali faradhi usinyanyuke haraka. Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 33, na ya mia ni La ilaha illallah wahdahu la sharika lah mpaka mwisho wake. Wengi huziharibu kwa mbio: vidole vinahesabu, moyo uko sokoni. Dawa yake ni kuzigawa zile Alhamdulillah: kumi kwa mwili wako, kumi kwa watu wa nyumbani, kumi kwa riziki ya leo, tatu kwa lile lililokuepuka. Mgao huu si sunna, ni kamba tu ya kuufungia moyo usitangetange.

Ikikujia neema ya ghafla, au balaa likakupita (mtoto amezama na akatolewa mzima), hapo ndipo pa sijda ya kushukuru. Kwa madhehebu yetu ya Shafi unatakiwa uwe na udhu, uelekee kibla, unuie na kupiga takbira, usujudu mara moja, ukae, utoe salamu. Usiilete ndani ya sala, sala itabatilika. Wala haifanywi kwa neema za kila siku kama afya. Hizo shukrani yake ni ulimi na matendo.

Tumefundishwa kumtazama aliye chini yetu katika mambo ya dunia. Mtazame kwa ajili ya nafsi yako, kisha umsaidie. Kumwambia aliyefiwa "shukuru, wenzako wana makubwa" ni kumjeruhi mara ya pili. Huyo mpe mkono, mpelekee chakula, kaa naye kimya.

Shukrani pia haizibi mdomo wa aliyedhulumiwa. Mwenye haki yake aende kwa sheha, kiongozi wa mtaa. Na huzuni ikipita wiki mbili, hulali, huli, hata sala imekuwa mzigo, nenda hospitali. Huo ni ugonjwa kama homa, si upungufu wa imani.

Usiku, kabla ya kulala, taja mambo matatu ya kushukuria ya siku hiyo hiyo, madogo na ya kweli. Usirudie ya jana. Ukikosa la tatu, yakumbuke maji uliyotawadhia.