Kuchora mti wa nasaba wa minyoo wenye pingili kwa sampuli za Kigoma

Mwongozo huu umetokana na kazi ya kumsaidia mwanafunzi aliyekusanya nyungunyungu katika mashamba ya michikichi karibu na Ujiji, na ruba katika maji ya ufukweni Kibirizi; wote wawili ni minyoo wenye pingili (Annelida).

Hatua ya 1. Hifadhi sampuli katika ethanoli ya asilimia 95, kisha uibadilishe kesho yake, kwa kuwa maji ya mwili wa mnyoo huizimua. Fomalini isitumike kabisa, huharibu DNA.

Hatua ya 2. Soma jeni ya COI, inayobadilika haraka, ili kutenganisha spishi, na ya 18S, inayobadilika polepole, kwa undugu wa kale zaidi. Mifuatano ya DNA ya minyoo wa baharini ipakue kutoka GenBank, hifadhi ya umma ya mifuatano hiyo mtandaoni.

Hatua ya 3. Chagua kundi la nje, yaani wanyama watakaoonyesha mzizi wa mti uko wapi. Hapa ndipo saa nyingi hupotea. Tangu enzi za Cuvier, mwanazoolojia Mfaransa, wadudu walihesabiwa kuwa ndugu wa karibu wa minyoo hawa kwa sababu wote wana pingili, lakini ushahidi wa DNA uliotolewa mwaka 1997 uliwaweka wadudu pamoja na minyoo wa duara, katika kundi la wanyama wanaojivua gamba, ilhali nyungunyungu na jamaa zake wako upande wa konokono na chaza. Kwa hiyo mdudu asitumike; konokono wa Ziwa Tanganyika anafaa, ingawa ni salama zaidi kutumia moluska (kundi la konokono na chaza) wawili au watatu wasiofanana, kwa kuwa mnyama mmoja ambaye jeni zake zimebadilika haraka anaweza kuvutwa kwenye tawi lisilo lake. Ruba naye asiwe kundi la nje la nyungunyungu, kwa sababu amezaliwa ndani ya ukoo huohuo. Vilevile usiwaache Sipunkula na Ekiura, minyoo wa baharini: hawana pingili, na zamani walipewa faila (makundi makuu ya wanyama) zao wenyewe, lakini ni wa ukoo huu.

Hatua ya 4. Panga mifuatano kwa programu ya MAFFT, ili sehemu zinazolingana zikae safu moja, kisha chora mti kwa programu ya IQ-TREE, ambayo naipendelea kuliko programu zinazohesabu umbali tu, yaani kiasi cha tofauti kati ya mifuatano.

Hatua ya 5. Moluska wakijitokeza katikati ya minyoo, usitangaze ugunduzi. Jeni ya 18S peke yake haitoshi kwa matawi ya kale; tafiti za 2011 na 2014 zilizoyapanga upya zilitumia mamia ya jeni, na ile ya 2014 iliwaweka Oweniidae na Magelonidae, familia za minyoo wa baharini, karibu na mzizi. Familia hizo mbili zitafute GenBank kabla ya kuchora upya.