Mashua Kuukuu Ikishapanda Mwamba: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuirudisha Majini

Mashua yetu imenizidi umri. Mwaka juzi, mwishoni mwa kaskazi, ilipanda mwamba kati ya Tumbatu na Unguja, maji yakipwa, ikiwa na mifuko 30 ya saruji. Tuliitoa, tukaziba tundu tuliloliona karibu na omo, yaani sehemu ya mbele, tukapaka rangi, tukarudi kazini. Haikupita wiki mbili ikawa inaingiza maji kuliko ilivyokuwa mwambani. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo tungeyafanya mara ya kwanza, tusingelazimika kuipandisha pwani mara ya pili.

Anza na maji yenyewe, kabla hujashika kamba. Bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa na kupwa, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwetu Unguja tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hufika karibu mita 4. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Kwa hiyo uliza ulikwama siku gani. Ukipwelewa wakati wa maji mafu, subira ya siku chache itakuletea maji makubwa zaidi na chombo kitaelea chenyewe. Ukikwama kwenye kilele cha bamvua, kila maji yatakayofuata yatakuwa mafupi kuliko yale yaliyokupandisha, na ukishindwa kutoka kwenye maji ya kwanza au ya pili huenda ukangoja siku 14 au 15. Hesabu hiyo ndiyo itakayokuambia uajiri watu usiku huo huo au ulale.

Watu washuke kwanza, na mzigo uwafuate. Tua tanga na foromali, boriti inayolishika tanga, maana upepo ukilishika tanga utaisukuma mashua juu zaidi ya jiwe. Peleka nanga upande wa kina, amari, kamba ya nanga, ikazwe, ili maji yakianza kujaa yasikusogeze ndani ya mwamba. Mashua ikianza kulala, wahi kuweka magadi, miti ya kukiegemeza chombo, upande inaolalia. Chombo cha mbao kikilala juu ya jiwe, ubavu mmoja hubeba uzito wote, na hapo ndipo mataruma, zile mbavu za mbao za ndani, huvunjika, mara nyingi baada ya ajali yenyewe kupita. Sisi hatukuwa na magadi. Tulikuwa na miti miwili ya mikoko iliyochelewa saa nzima.

Kisha usiivute kabla hujaiona chini. Maji yakiwa yamepwa, vaa viatu, zunguka, pitisha mkono. Mashua yenye tundu iliyokaa juu ya jiwe iko salama kuliko ile iliyovutwa ikazama kwenye kina. Tundu la kuzibwa kwa muda huzibwa kwa gunia lililolowa mafuta, juu yake kibao kilichopigiliwa kwa misumari mifupi. Inatosha kukufikisha ufukweni, na isitumike kwa zaidi ya hapo.

Sasa nije kwenye jambo lililotuponza. Mashua ikigonga mbele, jeraha unaloliona huwa mbele, lakini nguvu ya pigo husafiri kwenye mkuku, uti wa chini wa mashua, hadi pale mlingoti unapokalia, na nyuma zaidi hadi kwenye bawaba za usukani. Mashua mpya hulihimili pigo hilo. Mashua ya miaka 40 ina misumari ya chuma iliyoliwa na kutu, na kutu ikivimba huilainisha mbao inayouzunguka msumari. Pigo likifika hapo, mbao haivunjiki wala haitoi sauti. Inaachana tu na taruma, upana wa ukucha, na ukiwa nje huoni kitu.

Fundi tuliyemwita mara ya pili, mzee wa Nungwi, hakuigusa rangi yetu. Alitoa sakafu yote ya ndani, akachota mchanga na mabaki ya saruji kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo, kisha akaanza kugonga kwa nyundo ndogo, taruma moja baada ya jingine. Ti, ti, ti. Alipofika chini ya mlingoti mlio ukabadilika, ukawa mzito kama wa kugonga embe. "Hapa, mwanangu. Gonga mwenyewe." Akachomeka ncha ya kisu kando ya msumari, ikazama hadi nusu bila kulazimishwa. Mbao ilikuwa nyeusi kuuzunguka msumari ule, nyeusi kama wino uliomwagika. Mataruma matatu mfululizo yalikuwa hivyo.

Hivyo kabla hujanunua hata kilo moja ya pamba ya kuzibia nyufa, ondoa sakafu, gonga, choma kwa kisu. Vuta uzi kutoka omo hadi tezi, sehemu ya nyuma, kando ya mkuku uone kama mkuku umepinda. Utikise usukani uone kama bawaba zimelegea. Halafu kuna kipimo ambacho sikukijua na sasa sikiachi: mashua ikiwa imekaa sawa juu ya magadi, mimina maji ndani ya ngama, yasizidi kina cha shibiri moja, kisha toka nje ukaangalie. Yanakotokea kwa nje ndiko yatakakoingilia. Tia alama kwa mkaa. Usijaze zaidi, kwa sababu mbao zimejengwa kusukumwa na maji kutoka nje.

Mbao za kubadilishia zitafutwe mapema, maana hizo ndizo zinazochelewesha kazi. Kwa taruma unahitaji tawi lililopinda lenyewe, mtondoo kwa mfano, ambalo nyuzi zake zinafuata pindo. Mbao iliyonyooka ukiichonga kwa tezo ikapata umbo la pindo, nyuzi zitakuwa zimekatwa na itapasuka hapo hapo. Ubao mpya wa ubavuni uwe mrefu wa kupita mataruma matatu angalau, na maungio ya mbao mbili zinazopakana yasiangukie taruma moja. Misumari iwe ya chuma kilichopakwa zinki, tundu litobolewe kwanza kwa keekee, na usipigilie mpya kwenye tundu la zamani lililolainika.

Kukalafati, yaani kushindilia pamba kwenye nyufa, ndiko kwa mwisho, si kwa mwanzo. Pamba ilowe mafuta ya nazi, ishindiliwe ikaze, lakini fundi asiishindilie kwa hasira: mbao zikirudi majini zitavimba, na pamba iliyozidi itazisukuma mbao zenyewe mbali na mataruma. Kosa jingine ni kuiacha mashua juani wiki nzima kisha kukalafati nyufa zilizofunguka kwa ukavu. Ifunike kwa makuti, ubavuni tundika magunia mabichi asubuhi na jioni. Masika yakishaanza kunyesha, acha. Pamba haishiki kwenye mbao inayochuruzika.

Chini papakwe deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa, baada ya kupitisha moto wa makuti kuwaua wadudu wanaotoboa mbao. Juu na ndani papakwe sifa, mafuta ya samaki. Harufu yake watu wa siku hizi wanailalamikia, lakini sijaona rangi ya dukani inayoingia ndani ya mbao kuukuu kama sifa. Kamba, kapi na tanga vikaguliwe siku hiyo hiyo. Mlingoti uliotikiswa na mwamba huwa na ufa pale unapopita kwenye boriti, na hupaswi kuugundua ufa huo baharini kwenye upepo wa kusi.

Kama unabeba abiria au mizigo ya watu, mpango wako uwe na siku ya mkaguzi: kwa Zanzibar ni ZMA, Bara ni TASAC, Kenya ni KMA, mamlaka zinazosimamia vyombo vya majini. Mwite kabla hujapaka deheni, aone mbao mpya na misumari ikiwa wazi.

Siku ya kushusha ichague kwenye bamvua ya mchana, na usitweke tanga. Iache ielee kwenye maji ya kiuno, imefungwa, na watu wawili wenye ndoo walale humo, kwa sababu itavuja, na inapaswa kuvuja mpaka mbao zivimbe. Hesabu ndoo kila maji yanapojaa, uandike. Zikipungua, mbao zinakaza. Zikibaki vile vile kwa siku tatu, irudishe pwani bila kubishana na mtu. Sisi mara ya kwanza hatukuhesabu. Mara ya pili usiku wa kwanza tulifua maji ndoo 31, wa pili 14, wa nne ndoo mbili. Siku ya sita tukatweka, tukavuka hadi Tumbatu bila mzigo, na tulipofika nikainua sakafu kutazama chini ya mlingoti. Palikuwa na unyevu tu, wa kulowesha kiganja.